Ifuate harufu ya kiberiti Bonde la Ufa

WENGI wetu tunaposhuka Bonde la Ufa kutoka Nairobi, husafiri kwa macho tu. Huutazama mlima Longonot, huwahesabu pundamilia walio kando ya barabara, hununua karoti na viazi njiani, kisha husinzia hadi Nakuru. Leo, msomaji, tunakualika usafiri kwa pua.

Usicheke. Iko harufu moja inayolifuata bonde hili kama kivuli. Ni harufu ya mayai viza. Utaikuta kwenye mvuke wa Olkaria, utaikuta ndani ya Menengai baada ya mvua, na utaikuta kwenye chemchemi za Bogoria. Watoto huziba pua wakalaumiana ndani ya gari, kumbe mwenye makosa ni ardhi yenyewe.

Harufu hiyo ni ya salfa, ambayo wazee wetu waliiita kiberiti. Naam, kiberiti. Kabla ya neno hilo kuwa jina la kile kijisanduku cha njiti kilicho jikoni kwako, lilikuwa jina la madini ya manjano yanayowaka, na Waswahili walilipokea kutoka kwa Waarabu. Njiti za mwanzo zilipakwa salfa kichwani, basi jina likahama kutoka kwa madini hadi kwa njiti. Wasomaji wa Biblia nao wanakijua kiberiti cha zamani kutokana na habari za Sodoma na Gomora.

Ajabu ni kwamba salfa hupatikana pia katika theluji ya Antaktika, huko Ncha ya Kusi ambako hapana shamba, kiwanda wala moshi wa matatu. Huko haikutoka ardhini kama hapa kwetu. Sehemu yake kubwa ilitoka baharini, ikaruka hewani, ikaanguka pamoja na theluji na kuganda. Wataalamu huisoma leo kama mwanafunzi asomavyo kitabu cha historia.

Basi kuna uhusiano gani kati ya mayai viza ya Nakuru na theluji ya mwisho wa dunia? Haraka haraka haina baraka. Twende kituo kwa kituo.

MVUKE WA OLKARIA

Kituo cha kwanza ni Naivasha. Ukiiacha barabara kuu na kufuata ile ya kusini mwa ziwa, utafika Mbuga ya Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1984. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo familia inaweza kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya swara na twiga.

Ng'ambo ya magenge yale mekundu utaona mawingu meupe yakipanda kutoka ardhini na mabomba yanayong'aa yakipanda na kushuka vilima kama nyoka. Hapo ndipo Olkaria. Mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme kwa mvuke ulianza kazi hapa mwaka 1981, ukiwa na uwezo wa megawati 15 pekee. Leo nguvu za mvuke, nyingi zikitoka Olkaria, hutupatia zaidi ya theluthi moja ya umeme wa nchi. Taa unayosomea gazeti hili huenda inawaka kwa sababu ya mvuke huo.

Siri yake si ngumu. Maji ya mvua huzama chini kupitia nyufa za bonde hadi kwenye mawe yenye joto kali. Huko huchemka na kutafuta njia ya kurudi juu, na yanaporudi hubeba gesi za ardhini. Mojawapo ni haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo yenye harufu ya mayai viza.

Pua ya binadamu ni hodari mno kwa gesi hii. Huitambua ikiwa kidogo sana, chembe chache tu kati ya bilioni za hewa. Lakini sikiliza, mzazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hupenda kutuama mashimoni na mabondeni siku isiyo na upepo. Tena ikizidi, huiua pua kwanza. Mtu hudhani harufu imeisha, kumbe imekithiri. Ndiyo sababu kampuni za umeme huipima gesi hii kila mara, na ndiyo sababu mtoto hafai kuachwa ashuke katika shimo linalotoa mvuke, hata kama wenzake wanamwita mwoga.

Penye hewa wazi hakuna la kuogopa. Gesi husambaa, na baada ya muda mfupi hugeuka hewani kuwa aina nyingine ya salfa, kisha kuwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huelea, husafirishwa na upepo, na mwishowe huoshwa na mvua. Zikumbuke chembe hizo, kwa maana tutakutana nazo tena mbali na hapa.

WANAOTEKA MAJI KUTOKA KWA MVUKE

Ukirudi kwenye barabara kuu na kuelekea Gilgil, safu ya milima ya Eburru itakuwa mkono wako wa kushoto. Huko juu, watu wamefanya jambo la kupendeza. Sehemu hiyo haina mito ya kutegemea, lakini ardhi yake inatoa mvuke. Basi wakaazi huukinga mvuke huo kwa mabomba, wakauacha upoe, nao ukageuka kuwa maji ya kutumia nyumbani. Penye nia pana njia.

Tangu enzi za wakoloni, mvuke wa Eburru umetumiwa pia kukaushia maua ya pareto, zao lililowasomesha watoto wengi wa Bonde la Ufa. Na tangu mwaka 2012 kuna mtambo mdogo wa umeme huko huko. Jambo linaloitwa uvundo na mpita njia ni riziki kwa mwenyeji.

KUFULI LA MAGADI

Sasa tuingie Nakuru, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ukiuliza watu kumi harufu ya Ziwa Nakuru ni ya nini, tisa watakuambia ni salfa. Hapo ndipo palipo na mshangao wa safari hii.

Kweli, salfa imo ziwani. Ndani ya tope la chini, ambako hewa haifiki, wamo bakteria wasiohitaji oksijeni. Wao hutumia chumvi za salfa kama sisi tutumiavyo hewa, na badala ya kutoa pumzi kama yetu hutoa haidrojeni salfaidi. Kila kinachokufa ziwani, iwe ni unyoya, kinyesi au majani ya kijani, huwa chakula chao.

Lakini ziwa hili ni la magadi. Nasi twayajua magadi jikoni. Ni ile chumvi ambayo mama hutia kidogo kwenye mboga za kienyeji ili zilainike. Ukimwagia magadi maji ya ndimu, yatatoa povu, kwani magadi na asidi huvutana. Sasa, haidrojeni salfaidi ikiwa majini ni asidi dhaifu. Inapoinuka kutoka topeni hukutana na maji makali ya magadi, ambayo huinasa na kuifungia ndani kama kufuli. Karibu yote hubaki imeyeyuka majini, haipati ruhusa ya kuruka.

Basi ile harufu inayowasha macho ufukweni hutokana na nini? Sehemu kubwa ni amonia, gesi itokanayo na kinyesi cha ndege na mimea inayooza. Magadi huifanyia amonia kinyume kabisa, yaani huifukuza kutoka majini. Maji yale yale huifungia salfa mlango na kuifungulia amonia. Mwalimu wa kemia anayetafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi asiende mbali.

Wako pia viumbe wadogo wanaoila salfa hiyo kabla haijatoroka. Mnamo mwaka 2001, wataalamu kutoka Urusi na Uholanzi walitoa maelezo ya bakteria wa namna hiyo waliopatikana katika maziwa ya magadi ya Siberia na ya Kenya. Bakteria wa jamii hiyo wanaopenda magadi wamekuwa vibarua viwandani, ambako hutumiwa kuondoa salfa katika gesi ya kupikia na ya mitambo. Nani angedhani tope la Bonde la Ufa lingekuwa na mafundi wa aina hiyo?

ZIWA LILIPOVUNJA UA

Kwa miaka mingi sifa ya Nakuru ilikuwa heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita. Wakati mwingine walizidi milioni moja, ufuo wote ukawa wa waridi. Walikuja kula spirulina, kiumbe kidogo cha kijani kinachostawi katika maji ya magadi makali. Mbuga hii ilitangazwa kuwa ya taifa mwaka 1968, ikaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 1990, na mwaka 2011 ziwa lenyewe, pamoja na Elementaita na Bogoria, likatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Wakati huo, maji yalikuwa yameanza kupanda. Kuanzia mwaka 2010 hivi ziwa lilifura mwaka baada ya mwaka. Lililokuwa na ukubwa wa kilomita mraba 40 hivi, likakaribia 70 kufikia mwaka 2020. Lilimeza lango kuu la mbuga, likameza ofisi na barabara, likaua misitu ya migunga iliyobaki imesimama majini kama mifupa. Kisha likavuka ua wa mbuga na kuingia nyumbani mwa watu katika mtaa wa Mwariki.

Hili si jambo la kusomwa na kusahauliwa. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya familia 75,000 zilizoathirika kando ya maziwa yaliyofura, kutoka Naivasha hadi Turkana. Watu walioweka jasho la maisha yao katika ploti na nyumba ya mawe waliishia kuiona paa tu. Shule na zahanati zilihamishwa. Asiye na pa kwenda alikodisha chumba mjini akaanza upya.

Na heroe? Maji matamu ya mvua yalipoingia kwa wingi, magadi yalipungua ukali, spirulina ikapungua, nao wengi wakahama kwenda Bogoria na kwingineko. Mahali pao wakaja ndege wala samaki, na samaki wenyewe wakaongezeka kiasi cha kuwavutia wavuvi, ingawa wakuu wa serikali walionya kwamba samaki wa ziwa lililo chini ya jiji, linalopokea maji machafu, si salama kuliwa.

Kwa kanuni za kemia, magadi yakizimuliwa hata lile kufuli tulilolitaja hulegea. Ziwa bado ni la magadi, lakini funzo ni hili: badilisha maji kidogo tu, na umebadilisha kinachoishi ndani yake na kinachoruka kutoka ndani yake. Liweke funzo hilo mfukoni, tupande mlima.

JUU YA MENENGAI

Kaskazini mwa jiji, mwendo mfupi kwa gari, uko ukingo wa Menengai. Hili ni shimo la volkano lenye upana wa kilomita 12 hivi mahali palipo papana zaidi. Masimulizi yasema kwamba katika vita vya Wamaasai wao kwa wao, wapiganaji walioshindwa walitupwa humo, na kwamba mvuke unaopanda ni roho zao zinazotafuta njia ya kwenda mbinguni. Leo roho hizo zina wapangaji: visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa Menengai ukaanza kutoa umeme.

Simama ukingoni, geuka nyuma. Jiji lote liko chini yako, na ziwa linang'aa nyuma yake. Inua macho utazame mawingu. Je, umewahi kujiuliza wingu huanzaje?

Mvuke wa maji pekee haufanyi wingu kirahisi. Unahitaji kitu cha kushikilia, kama umande unavyoshikilia jani. Kila tone la wingu limejengwa juu ya chembe ndogo inayoelea hewani: vumbi, chumvi ya bahari, moshi, au salfa. Hizi ndizo zile chembe tulizoziacha Olkaria.

Sasa fikiria. Ikiwa viumbe wasioonekana wa ziwa dogo kama Nakuru wanaweza kuichezea salfa namna ile, viumbe wa bahari nzima wanaweza nini? Bahari haina kufuli la magadi kali kama la Nakuru, na viumbe wake wana salfa ya namna nyingine.

Bahari imejaa mimea midogo iitwayo planktoni. Mingi yake hutengeneza kemikali yenye salfa inayodhaniwa kuisaidia kustahimili chumvi na baridi. Mmea huo unapokufa au kuliwa, kemikali hiyo hugeuka kuwa gesi iitwayo daimethili salfaidi. Kwa wingi hunuka kama kabeji iliyochemshwa kupita kiasi. Kwa uchache ni sehemu ya ile harufu unayoiita "harufu ya bahari" unaposhuka basi Mombasa.

Mwingereza James Lovelock alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitafuta baharini. Mwaka 1971 alipanda meli ya utafiti iitwayo Shackleton, akasafiri kutoka Uingereza kuelekea Antaktika akiwa na vyombo alivyojitengenezea, akapima maji na hewa njiani. Akaikuta gesi hiyo kila alikopima baharini. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2011 zilikadiria kwamba bahari zote hutoa hewani salfa ipatayo tani milioni 28 kila mwaka kwa njia hii. Viwanda na magari yetu hutoa zaidi ya hapo, lakini moshi wetu umerundikana nchi kavu. Juu ya bahari za mbali, mimea hii midogo ndiyo yenye sauti.

Mwaka 1987 Lovelock na wenzake watatu walitoa wazo lililotikisa wasomi: kwamba pengine planktoni huendesha mawingu. Bahari ikipata joto, walisema, mimea huongezeka, gesi huongezeka, mawingu huwa meupe zaidi na kulizuia jua, na bahari hupoa. Lilikuwa wazo tamu. Hata hivyo, kufikia mwaka 2011 wataalamu wengine walionyesha kwamba mambo si mepesi hivyo, kwani mawingu ya baharini hujengwa na chembe nyingi nyingine pia, ikiwemo chumvi inayorushwa na mawimbi. Ubishi unaendelea. Jambo lisilobishiwa ni kwamba salfa hii hupanda, hugeuka chembe, na hushuka.

DAFTARI LA BARAFU

Inashukia wapi? Nyingi hurudi baharini na mvua. Lakini ile inayoangukia Antaktika haiendi popote. Huko, theluji ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, na ya mwaka jana huilalia ya mwaka juzi, mpaka chini kabisa ambako imegandamana ikawa barafu ya miaka mamia ya maelfu.

Kila kiangazi cha huko, barafu ya baharini inapoyeyuka na jua kutotua, planktoni hulipuka kwa wingi. Salfa hewani hupanda, na theluji ya msimu huo huwa na nyingi. Majira ya baridi, giza linapoingia, hupungua. Basi ukichimba nguzo ya barafu na kuipima, utaona salfa ikipanda na kushuka, kiangazi na baridi, kama mistari ya daftari. Mojawapo ya alama zinazotazamwa ni asidi ya methanisalfoniki, ambayo hewani hutokana na ile gesi ya planktoni, kwa hivyo haichanganywi na salfa ya volkano.

Volkano nazo zimeandika majina yao. Mlipuko wa Tambora, Indonesia, wa mwaka 1815 uliacha salfa yake katika barafu ya Greenland na ya Antaktika pia. Pinatubo ya Ufilipino, iliyolipuka mwaka 1991, imo vilevile.

Huenda unasema, hayo ni ya Wazungu na pengwini wao. La hasha. Hata Bonde la Ufa limeandikwa katika barafu, na si mbali.

Mwaka 2000, kundi lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Marekani lilichimba nguzo sita za barafu juu ya Kilimanjaro. Waliyoyapata waliyachapisha mwaka 2002. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700. Ndani yake kulikuwa na tabaka la vumbi la miaka 4,000 hivi iliyopita, alama ya ukame uliotisha. Vilevile kulikuwa na vipindi vyenye floridi nyingi, nao wakaeleza kwamba huenda ililetwa na upepo kutoka maziwa ya magadi yaliyokuwa yamekauka.

Floridi! Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa floridi ni nini. Ndiyo chumvi iliyo katika maji ya visima vya bonde hili, inayowapaka watoto rangi ya kahawia menoni. Chumvi hiyo hiyo iliruka kutoka maziwa ya kale, ikapanda hadi kilele cha Afrika na kuhifadhiwa humo kama barua ndani ya bahasha. Barua hiyo ingeweza kutuambia mengi kuhusu lini maziwa yetu yalikauka na lini yalifura, swali ambalo familia ya Mwariki ina haki ya kuuliza.

Huzuni ni kwamba bahasha inaungua. Kati ya mwaka 1912 na 2000 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake, na imeendelea kupungua tangu hapo. Mlima Kenya hali ni mbaya zaidi. Barafu yake kubwa, iitwayo Lewis, ilichimbwa na watafiti katika miaka ya 1970, na leo imebaki vipande tu. Antaktika bado ina daftari lake. Letu linayeyuka tukitazama.

MWISHO WA SAFARI NI BOGORIA

Kutoka Nakuru shika barabara ya Mogotio na Marigat, uvuke mstari wa ikweta, kisha ukate kulia kuelekea lango la Loboi. Askofu James Hannington alilipita ziwa hili mwaka 1885 akielekea Uganda, ambako aliuawa mwaka huo huo, na kwa muda mrefu Wazungu waliliita kwa jina lake. Wenyeji wana majina yao, na ziwa likarudishiwa jina la Bogoria.

Hapa mambo yote ya safari yetu yamekutana. Ardhi inachemka kama Olkaria na maji ni ya magadi kama Nakuru ya zamani. Maji mazito ya chumvi hukaa chini na mepesi juu, huku chini kukiwa na giza lisilo na hewa ambamo bakteria wa salfa wanaendelea na kazi yao. Na ukibahatika utawaona heroe, wale waliohama.

Wageni wengi huja na mayai ya kuchemsha katika chemchemi za Loburu. Furahia, lakini mshike mtoto mkono. Udongo wa kando ya chemchemi ni mwembamba kama chapati na chini yake ni maji ya moto yanayoweza kuunguza mguu hadi mfupani. Kaa upande unakotoka upepo, usiinamie mashimo.

Utagundua pia kwamba baadhi ya chemchemi zilizosifika zamani sasa zimo chini ya maji, kwani Bogoria nayo ilipanda. Ripoti ya mwaka 2021 ilitaja mvua zilizoongezeka kutokana na mabadiliko ya hali ya hewa kuwa sababu kuu, pamoja na misitu iliyokatwa na udongo unaoteremka kujaza maziwa. Wenyeji wa Baringo waliishi na hofu kwamba Bogoria yenye chumvi ingefika Ziwa Baringo lenye maji matamu na kuua samaki wake.

Mvua hizo zilitoka wapi? Nyingi zilikuja na pepo za Bahari ya Hindi, katika mawingu ambayo matone yake yalijengwa juu ya chembe za bahari na za nchi kavu. Haitakuwa haki kusema planktoni ndiyo iliyofurisha Nakuru. Lakini hewa haina ua wala lango. Kinachoruka mahali pamoja hushukia pengine, na anayeshukiwa mara nyingi hana habari.

Ndiyo maana ni muhimu tupime wenyewe. Tangu mwaka 1999 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina kituo juu ya Mlima Kenya, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,600, kinachochunguza hewa kwa niaba ya mtandao wa dunia. Hiyo ni hatua njema, lakini kituo kimoja hakitoshi nchi yenye maziwa, mivuke na bahari.

Wewe mwanafunzi unaweza kuanza na kopo. Liweke mahali pa wazi, pima mvua kila asubuhi saa tatu, andika katika daftari pamoja na tarehe. Karatasi ya litimasi kutoka maabara ya shule itakuambia kama maji ya mvua, ya kisima na ya ziwa yana asidi au magadi. Nawe mzazi, mtakapopita Nakuru likizo ijayo na watoto wakiziba pua, usiwakemee. Waulize harufu hiyo imetoka wapi na inaelekea wapi. Barafu iliyokuwa ikituandikia inakwisha, na watakaoendelea kuandika ni hao walio kiti cha nyuma.